Helikopta Juu ya Kajiado

Leo tuache kompyuta kidogo twende Kajiado. Hadi mwaka 2002, Safari Rally ilikimbizwa kwenye barabara zisizofungwa. Ng'ombe, punda na matatu vilipita kama kawaida. Timu kubwa zikapata ujanja: helikopta iliruka mbele ya gari, na aliye juu akamwambia dereva kwa redio kama njia ni nyeupe au kuna mifugo.

Je, huo ulikuwa wizi? Kanuni za ufundi zilipima gari: injini, uzito, matairi. Jicho la angani halikuwa sehemu ya gari. Linganisha na Toyota mwaka 1995 kule Catalunya, Hispania: kwenye turbo walificha ufundi wa kupitisha hewa kuliko kiwango kilichoruhusiwa. Wakafungiwa miezi 12. Ule ulikuwa udanganyifu. Helikopta iliruka mchana kweupe.

Lakini haki haikuwepo. Dereva asiye na pesa za helikopta aliingia konani akimwomba Mungu. Na ukiipiga marufuku, mchungaji na ng'ombe wake ndio wangezidi kuwa hatarini.

Sisi waandishi wa programu twalijua jambo hili: kabla ya kuziba tundu, uliza kwa nini lilitobolewa. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, njia za mashindano zilifungwa. Kasoro ilikuwa barabarani, si angani. Wewe waonaje?