Kwenda Masaa Matano, Kurudi Je?

Nikitoka hapa Mjambere kwenda eapoti, jamu ya Kengeleni mpaka daraja la Nyali yaeza kunila lisaa lizima. Ukishapanda ndege sasa, Mombasa mpaka Dubai ni kama kilomita 3,700, masaa kama matano tu. Khalati yangu alienda hivo. Kurudi? Huu mwaka wa tatu.

Mi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini historia sikuiacha. Na historia ya hii bahari yetu inanifunza kitu kimoja: usiulize tu ni mbali vipi, uliza njia ya kurudi ameishika nani.

Cheki Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, ana rubani aliyepewa hapohapo Malindi, na kusi ndo inaanza. Tarehe 20 Mei yuko Calicut, India. Siku 26. Kurudi sasa, aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kaskazi bado haijashika. Kuja kuona Mogadishu ni tarehe 2 Januari 1499. Siku 89, bahari ileile! Watu wake kama 30 walikufa njiani kwa kiseyeye.

Manahodha wa huku walijua hizo hesabu zamani. Waenda Arabuni na kusi, warudi na kaskazi. Utangoja miezi, sawa, lakini upepo hauna ajenti wala haukufungii paspoti kabatini. Msimu ukifika, unatweka tanga unarudi kwenu.

Ila tusipambe. Kwa majahazi hayohayo walipakiwa watu ambao hawakuomba safari. Kaskazi ilivuma kila mwaka na haikuwarudisha. Baadhi waliokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakashushwa Bombay, na wengine wakalelewa na wamisheni huko Nasik, India. Miaka ya 1870 wamisheni wa CMS walipoanzisha Freretown, hapahapa Kisauni, wengi wao wakaletwa kukaa huku. Fikiria: umechukuliwa mtoto, unarudishwa mtu mzima, na hata hapo uliporudishwa si kwenu. Ile kengele unayoipita kila siku ukiwa kwa matatu ni ya kijiji chao. Ndo maana stejini panaitwa Kengeleni.

Sisemi khalati yangu ni mtumwa. Alisaini mwenyewe, na pesa anazotuma ndo zimemsomesha mdogo wangu. Lakini mkataba wa miaka miwili uliisha, na paspoti bado iko kwa mwajiri. Bibi alipofariki alizikwa alasiri ileile. Hapo sawa, hata ndege haingewahi. Lakini siku ya tatu ikapita, arubaini ikapita, mwaka ukapita. Masaa matano, wallahi, na mtu ameshindwa kuja kuliona kaburi la mamake.

Kwa hivo wewe unayejaza fomu sai, mwanangu, mi sikukatazi. Njaa naijua. Lakini usimuulize ajenti ndege inachukua masaa mangapi. Muulize tiketi ya kurudi analipa nani, na imeandikwa wapi kwa mkataba. Paspoti piga kopi, mwachie mtu nyumbani. Nahodha hakutoka bandarini kabla ya kujua atarudi na upepo gani.