Serikali, Damu na Imani

Kwa muda mrefu tabibu aliwapa wagonjwa wote wa maradhi yale yale dawa ile ile. Mmoja akapona, wa pili asipone, wa tatu akadhurika. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo imo katika urithi ambao kila mtu huzaliwa nao. Mwaka 1990 serikali ya Marekani, kwa kushirikiana na mataifa mengine, ilianza kuusoma urithi huo katika Mradi wa Jenomu ya Binadamu, kazi iliyotangazwa kuwa imekwisha mwaka 2003.

Mwezi wa Januari 2015 Rais Barack Obama alitangaza mpango wa tiba mahususi, yaani tiba ipimwayo kwa maumbile, mazingira na mwenendo wa kila mtu. Aliomba dola milioni 215; katika hizo, milioni 130 zilikusudiwa kwa Taasisi za Taifa za Afya, ili ziwaandikishe watu milioni moja au zaidi watakaotoa damu yao na habari za afya zao. Fedha hutoka hazinani kwa amri. Damu ya hiari haina amri.

Hapo historia ilidai deni lake. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali hiyo hiyo ilianza kuwachunguza wanaume Weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. Miongoni mwao 399 walikuwa na kaswende, wala hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida katika miaka ya 1940, wao walinyimwa. Uchunguzi ulikomeshwa mwaka 1972, na Rais Bill Clinton akaomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Woga huo una hasara kubwa, maana watu wenye asili ya Afrika wana tofauti nyingi za urithi kuliko wengine wote. Wakikosekana daftarini, dawa itapimwa kwa miili ya wengine, na tiba mahususi itakuwa jina tupu kwao. Kwa hiyo mpango huo, ulipofunguliwa nchi nzima mwezi wa Mei 2018 kwa jina la All of Us, maana yake Sisi Sote, uliweka sharti la ridhaa na haki ya kujitoa, ukawatafuta hasa wale waliosahauliwa na uchunguzi wa zamani.

Sheria ya Desemba 2016 iliutengea mpango fedha za miaka 10. Imani iliyovunjwa kwa miaka 40 haikuwekewa muda. Malipo yake huhesabiwa kwa kila mtu anayenyosha mkono wake apigwe sindano, akijua kwa nini.