Kwa Nini Klasta Yangu ya Makontena Inakaa Ndani ya Mashine Pepe

Leo tunaingia kwenye historia kidogo. Lakini kwanza kisa, maana bila kisa hiki nisingejisumbua kusoma historia yenyewe.

Mwaka 2021 nilikuwa nimetoka chuo majuzi tu, nikapata kazi ya mkataba: kukitengenezea chama kimoja cha akiba na mikopo mfumo wa wanachama kuangalia salio lao kwa simu. Wakati huo nilikuwa na homa ya Kubernetes, kwa hiyo kila kitu nilikitia ndani ya kontena. Kwenye kipakatalishi changu nilijaribu kwa klasta ya minikube yenye nodi moja. Ilikwenda vizuri sana. Tukaupeleka mfumo kwenye seva tatu za mteja, moja ya usimamizi na mbili za kazi.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, seva mojawapo ya kazi ikazima. Zikapita kama dakika tano, Kubernetes ikafanya inachopaswa kufanya: ikaianzisha hifadhidata kwenye ile seva nyingine. Kontena likawaka bila kosa lolote, ila folda ya data ilikuwa tupu. Mfumo wangu ulipoona hakuna majedwali ukajitengenezea mapya, yasiyo na mtu hata mmoja. Wanachama wakawa wanaingiza nambari zao na kujibiwa kwamba hawatambuliki. Hebu fikiria mama aliyeweka akiba miaka kumi akisoma jibu hilo.

Data haikupotea. Ilikuwa imelala kwenye diski ya seva iliyozima, nasi tukaipata baada ya saa tatu za jasho. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeiambia hifadhidata iandike kwenye folda ya mashine inayoiendesha. Ukiwa na nodi moja, mashine hiyo ni ile ile daima, hivyo kosa halionekani kamwe.

Jumapili yake nikaunda mashine pepe tatu kwenye kipakatalishi (wengine husema mashine bandia, mimi nashika "pepe" kama ya barua pepe), nikajenga klasta juu yake, nikazima moja. Kosa lile lile likatokea mbele ya macho yangu, safari hii bila mama wa mtu kulia. Rafiki yangu akanicheka. "Kwani makontena si yalikuja kuziua mashine pepe?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Turudi Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa 1964. Tarakilishi ya siku hizo ilijaza chumba, na kuitumia ilikuwa ni kupanga foleni: unapeleka furushi lako la kadi zilizotobolewa, unaenda zako, unarudi baadaye kuchukua majibu. Ukikosea herufi moja, siku imekwisha. Robert Creasy na wenzake katika kituo cha IBM cha mji huo walichukua System/360 Model 40 wakaifanyia marekebisho, na kufikia Januari 1967 mfumo wao, CP-40, ulikuwa ukitumika kazini. Uliweza kuigawa mashine moja kuwa mashine pepe 14, kila moja na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Kila mtu aliketi akaona tarakilishi nzima iliyo yake peke yake. Angeweza kuivuruga, kuizima na kuiwasha tena, na jirani yake asijue.

Mfumo uliofuata, CP-67, ndio ulionifurahisha zaidi. IBM ilikuwa ikiandaa mashine za System/370 zenye kumbukumbu pepe, na mashine zenyewe hazikuwa zimepatikana. Wale wa Cambridge wakairekebisha CP-67 iige mashine ambazo bado hazipo, kisha wakaandika na kujaribu mfumo endeshi ndani ya mashine hizo za kuigiza. Mwaka 1972 IBM ikaitangaza VM/370. Yaani zaidi ya miaka hamsini iliyopita, mtu wa programu alikuwa tayari anafanyia majaribio mashine asiyokuwa nayo. Mimi na seva tatu za mteja tulikuwa hapo hapo.

Basi kwa nini sisi wa tarakilishi ndogo tulichelewa? Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ya prosesa inayofaa kazi hii. Kwa kifupi, kila agizo linalogusa hali ya mashine lazima linaswe pale mfumo wa ndani unapojaribu kulitekeleza, ili msimamizi aamue. Prosesa za familia ya x86 zilishindwa mtihani huo. Watafiti waliohesabu kwenye Pentium mwaka 2000 walikuta maagizo 17 yanayoponyoka. VMware ilikuwa tayari imeuzunguka ukuta huo mwaka 1999, kwa kuyatafsiri maagizo korofi papo hapo programu ikiendelea kukimbia. Intel na AMD zikaongeza msaada ndani ya prosesa zenyewe kuanzia 2005 na 2006. VirtualBox ikatoka 2007 ikiwa na toleo huria, na mwaka 2010 Mitchell Hashimoto akatoa Vagrant: unaandika faili moja ya maandishi, mashine zako zinajijenga.

Makontena yana ukoo mwingine kabisa. Babu yao ni chroot ya Unix, 1979, iliyomfungia mchakato kwenye tawi moja la folda. Zikaja "jela" za FreeBSD mwaka 2000, halafu cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google na kuingia kwenye Linux mwaka 2008. Docker ikaonyeshwa hadharani Machi 2013. Jambo la kushika ni kwamba kontena ni mchakato tu uliozungushiwa ua, na makontena yote kwenye mashine moja yanatumia keneli moja. Kontena la Linux linahitaji keneli ya Linux.

Sasa jibu la rafiki yangu. Mwenye Mac alipotaka Docker siku zile alipewa boot2docker, nayo ilikuwa Linux ndogo ndani ya VirtualBox. Kubernetes ilipotangazwa 2014, matoleo ya mwanzo yalikuwa na njia ya kujenga klasta ya majaribio kwa Vagrant. Minikube ya 2016 nayo ilianza kwa kukuwashia mashine pepe. Muuaji alihamia nyumbani kwa marehemu!

Mwaka 2018 ikaja kind, ambayo nodi zake ni makontena. Nakubali, kosa langu lingeonekana hata humo, na kwa majaribio ya haraka naitumia. Lakini nodi hizo zinakula keneli moja. Siwezi kupandisha toleo la keneli kwenye nodi moja nikaona nyingine zinavyoishi nayo, na keneli ikianguka zote zimeanguka. Kwenye mashine pepe naweza, kama wale wa 1967.

Gharama ipo, tusidanganyane. Kubeadm inataka angalau gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa kila mashine, kwa hiyo nodi tatu zinameza 6, na kivinjari changu kinapigania zilizobaki. Kwenye gigabaiti 8 nilikuwa naomba Mungu, nikalazimika kuongeza hadi 16. Hata hivyo nimelipa mara moja, kwa shilingi. Seva za kukodi mtandaoni zinadai dola kila mwezi, hata mwezi ambao mteja hajalipa.

Mfumo wa chama kile nilikwisha kuurekebisha: diski ya hifadhidata sasa imefungwa kwa jina la nodi yake. Jana usiku nilizima nodi hiyo kwenye klasta ya nyumbani, nikapika chai, nikarudi. Hifadhidata haikuanza kwingine ikiwa tupu. Ilikuwa imekaa tu, hali yake ikisomeka kwamba inasubiri, na iliendelea kusubiri hadi nilipoiwasha nodi tena.