Edward Brooke: Wakili mweusi aliyemtaka Nixon ajiuzulu
Edward Brooke alizaliwa jijini Washington mwaka wa 1919. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipigana nchini Italia, na hata kabla ya kusomea sheria aliwatetea wanajeshi wenzake mbele ya mahakama ya kijeshi. Baadaye alikuwa Mkuu wa Sheria wa Massachusetts.

Mwaka wa 1966 jimbo hilo, lenye wazungu wengi mno, lilimfanya Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi. Alipigania sheria ya 1969 iliyozuia kodi ya nyumba za umma kuzidi robo ya mapato ya mpangaji. Novemba 1973, kutokana na kashfa ya Watergate, alimtaka hadharani Rais Richard Nixon ajiuzulu. Hakuna seneta mwingine wa Republican, chama chao wote wawili, aliyekuwa amethubutu. Alibwagwa na Paul Tsongas mwaka wa 1978, akafariki Januari 3, 2015.