SEHEMU YA 5: Zile mboga za panya wa kwenye katuni zilitoka wapi?

Mmeniuliza sana kuhusu ile pai ya wazi, yenye bilinganya na nyanya zilizopangwa duara kama kwenye katuni ya Ratatouille. Jinsi ya kupika ipo chini, ila leo historia kwanza.

Katuni ilitoka 2007. Panya Remy anapika Paris, na mkosoaji Anton Ego, mtu asiyecheka, akionja mara moja tu anarudi utotoni jikoni kwa mama yake. Ukiona zile mboga zilivyopangwa unadhani Wafaransa wanakula hivyo tangu enzi. Wala!

Ratatouille ni mchuzi wa mboga wa watu wa kawaida wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Jina lina undugu na neno lao la kukoroga. Askari wa Kifaransa walikuwa na "rata", yaani chakula cha kukorogakoroga tu, jina la dharau kabisa. Na mboga zenyewe nyingi ni wageni. Nyanya, hoho na zukini asili yake ni Amerika, zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Bilinganya ilitoka Asia, Waarabu ndio walioisambaza Mediterania.

Vile vipande vyembamba ni habari ya juzi tu. Mwaka 1976 mpishi Michel Guérard alitoa kitabu cha mapishi ya kupunguza mwili. Yeye alikuwa Eugénie-les-Bains, mji wa maji ya tiba, watu wanaenda kutafuta afya. Akapunguza siagi na krimu, mboga akazikata nyembamba akazipanga. Jina alilitoa kwa Waturuki, kwenye bilinganya yao iitwayo imam bayildi, yaani "imamu alizimia". Wengine husema alizimia kwa utamu, wengine kwa kusikia mafuta ya zeituni yaliyotumika. Mimi kama nesi naamini la pili 😂

Baadaye Mmarekani Thomas Keller akaongeza mchuzi wa hoho chini na wa mafuta na siki juu, na Pixar walipomwomba ushauri, ndicho kikawa chakula cha Remy. Hata ndani ya katuni, mpishi Colette anashangaa: mkosoaji mkubwa vile apelekewe chakula cha wakulima?

Hapo ndipo palinigusa. Kliniki ukimuuliza mama mtoto anakula nini, mchicha na bilinganya anavitaja kwa sauti ya chini, soseji anaitaja kwa kujiamini. Jamani!

Haya, jikoni. Unga wa ngano vikombe viwili, majarini nusu kikombe, maji baridi kidogo. Kanda, sukuma, tandaza kwenye trei. Kaanga kitunguu, hoho na nyanya mpaka mchuzi ukauke, paka juu ya unga. Kata bilinganya, nyanya na zukini nyembamba (mamumunye machanga pia yanafaa), panga kuanzia pembeni kwenda katikati. Oka mpaka kingo ziwe kahawia, kama dakika 45 hivi. Ukitumia jiko la mkaa, moto mwingi uwe juu ya kifuniko.

Unga na majarini ni nyongeza yangu, Guérard asingekubali, kwa hiyo anayepunguza uzito ale mboga za juu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mpikie mboga zake pembeni bila chumvi, uzimenye na kuziponda vizuri.