Masharti ya Kioo cha Simu: Kutoka 1963 hadi Nchelenge

Mwezi Machi, uvuvi wa Ziwa Mweru ulipofunguliwa baada ya marufuku ya kila mwaka inayoanza Desemba, nilimwekea shangazi yangu wa Nchelenge programu niliyoiandika mwenyewe ya kuhifadhi bei za chisense, samaki wadogo kama dagaa. Macho yake yamechoka, kwa hiyo akayakuza maandishi ya simu. Siku ya pili mnunuzi kutoka ng'ambo ya Kongo akasoma kiooni: gunia kwacha 45. Bei ilikuwa 450. Sifuri ilibaki nje ya kisanduku kwa sababu nilikipa upana usiobadilika. Shangazi alicheka, mnunuzi hakucheka.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye historia. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT alionyesha Sketchpad, ambayo mchoraji aliipa sharti tu, kwa mfano mistari miwili iwe sambamba, nayo mashine ikalitimiza. Wazo lilizidi nguvu za kompyuta za siku zile. Miaka ya 1990, Alan Borning wa Seattle, pamoja na Kim Marriott na Peter Stuckey wa Australia, walishiriki kubuni Cassowary, yenye jina la ndege mkubwa asiyeruka. Kwangu uzito wake uko hapa: sharti moja likibadilika, hesabu haianzi upya, inaendelea kutoka kwenye jibu lililopo. Apple waliitumia kwenye kompyuta 2011 na kwenye iPhone 2012, mwaka ule ule kioo cha iPhone 5 kiliporefushwa. Google wakatangaza ConstraintLayout ya Android 2016.

Kumbe kubadilika ndiko kulikofikiriwa tangu mwanzo, nami nilikuwa nikipanga kioo kana kwamba napaka rangi ukuta.

Nilirudi kwenye msimbo. Sasa programu ikifunguka huuliza ukubwa wa maandishi. Yakiwa makubwa, hunakili masharti yaliyopo, huondoa ule upana, huishusha bei chini ya jina la samaki, kisha huyarudisha masharti yote kwa pamoja. Mara ya kwanza sikunakili, nikaanza na seti tupu. Bei ikarukia pembe ya juu kushoto na kulifunika jina.

"Mwanangu, sifuri zote zimo?" shangazi aliuliza, akizihesabu kwa kidole.

Zilikuwemo.