Fahamu Vihisi vya Mwanga na Kazi Yake katika Viwanda vya Mazao

Kihisi cha mwanga ni kifaa cha umeme kinachotambua kuwapo, kupita au kukosekana kwa kitu kwa kutumia mwali wa mwanga, bila kukigusa kitu hicho. Mafundi wengi hukiita sensa. Ingawa mara nyingi hakizidi ukubwa wa kiberiti, ndicho kinachoiarifu mashine wakati wa kuwaka, kusimama, kuhesabu au kufunga gunia.

Kwa wananchi wa Kata ya Ihanda, Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, suala hili linagusa kipato moja kwa moja. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazozalisha kahawa ya Arabika kwa wingi nchini, sambamba na mahindi na maharage. Kadiri shughuli za kukoboa, kuchambua na kufungasha mazao zinavyohamia kwenye mashine zinazojiendesha, ndivyo usahihi wa hesabu ya magunia, ubora wa punje na usalama wa wafanyakazi unavyotegemea zaidi vifaa hivi.

Namna kinavyofanya kazi

Msingi wa elimu hii ulianza mwaka 1887, pale mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alipobaini kuwa mwanga unaweza kuathiri mwenendo wa umeme katika metali. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu ya jambo hilo, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1921.

Vihisi vya sasa vina sehemu kuu mbili: kitoaji, ambacho ni taa ndogo ya diodi yenye mwanga mwekundu au usioonekana kwa macho, na kipokezi kinachobadili mwanga huo kuwa umeme. Taa hiyo huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ili kipokezi kiweze kuutofautisha mwanga wake na ule wa jua au wa taa za jengo. Mwali unapokatwa au unaporudishwa na kitu, kihisi hutuma ishara kwa kidhibiti cha mashine, kwa kawaida ndani ya muda usiozidi sehemu chache za elfu za sekunde.

Aina tatu kuu

Aina ya kwanza huwa na kitoaji na kipokezi vinavyotazamana, na kitu hutambuliwa kinapoukata mwali ulio kati yake. Aina hii hufika mbali zaidi, hata makumi ya mita, na huhimili vumbi kuliko nyingine.

Aina ya pili huweka kitoaji na kipokezi katika kasha moja, huku kiakisi kikiwa upande wa pili kurudisha mwanga. Hutumia nyaya chache, lakini kitu kinachong'aa, kama mfuko wa plastiki, kinaweza kuurudisha mwanga chenyewe na kukidanganya kihisi. Kwa sababu hiyo, vihisi vingi vya aina hii huwekwa kichujio maalumu cha mwanga.

Aina ya tatu haihitaji kiakisi, kwani hupokea mwanga unaorudishwa na kitu chenyewe. Ni rahisi kufunga, ila umbali wake ni mfupi na hutegemea rangi: gunia jeupe huonekana kwa mbali kuliko gunia jeusi.

Matumizi katika kahawa na nafaka

Katika mashine za kuchambua kwa rangi, punje hudondoka mbele ya taa na vihisi au kamera. Punje nyeusi au iliyoharibika hurudisha mwanga tofauti na punje nzuri. Mashine huitambua, kisha hewa iliyoshindiliwa huipuliza nje ya mkondo.

Katika mkanda wa kusafirisha magunia, kila gunia linapokata mwali huhesabiwa moja. Hapa umakini unahitajika, kwa kuwa magunia 2 yanayogusana yanaweza kusomwa kama gunia 1. Kwa magunia ya kilo 60, kosa hilo moja huacha kilo 60 nje ya hesabu. Inashauriwa kuwe na nafasi kati ya gunia na gunia, na hesabu ya mashine ilinganishwe na kumbukumbu za ghala kabla ya stakabadhi kutolewa.

Aidha, ni muhimu mkulima afahamu kuwa kihisi huhesabu, hakipimi uzito. Uzito hupatikana kwenye mizani, ambayo kisheria huhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA).

Usalama wa wafanyakazi

Kihisi cha kawaida cha kuhesabu hakipaswi kutumiwa kulinda mikono ya mfanyakazi, kwa sababu kinapoharibika kinaweza kuiacha mashine ikiendelea kuzunguka. Kwa kazi hiyo hutumika pazia la mwanga lenye miali mingi, linalojikagua na kusimamisha mashine linapopata hitilafu.

Mahali pa kulifunga hukokotolewa. Endapo mashine huchukua nusu sekunde kusimama, na mkono hukadiriwa kwenda mita 1.6 kwa sekunde, mkono utakuwa umesogea sentimita 80 kabla mashine haijatulia. Pazia likiwa karibu kuliko hapo, mfanyakazi atakuwa amefikia sehemu ya hatari wakati mashine bado inazunguka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya hatari za mitambo. Kuzima au kuziba kihisi cha usalama ili kuharakisha kazi ni kuhatarisha maisha.

Matunzo

Vumbi la maganda ya kahawa na pumba za mahindi ndilo adui mkubwa wa vihisi. Lenzi zifutwe mara kwa mara kwa kitambaa laini na kikavu, na vishikizo vikaguliwe, kwani mtikisiko wa mashine huupotosha mwali. Kipokezi kisielekezwe kwenye jua la asubuhi au jioni. Kabla ya kazi kuanza kila siku, mwendeshaji apitishe gunia moja na kuthibitisha kuwa limehesabiwa.

Vihisi vingi viwandani hutumia umeme mdogo wa volti 10 hadi 30, tofauti na volti 230 za matumizi ya kawaida. Hivyo, ufungaji na ukarabati ufanywe na fundi umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), baada ya mashine kuzimwa na swichi yake kuu kufungwa.